Mkono wa Mtoto, Sikio la Mzee

Kwenu mliokuwa shambani tangu asubuhi huko Cyanzarwe, Busasamana na Mudende, mkipalilia viazi kwenye ule udongo wetu mweusi, poleni sana na kazi. Kwenu mnaofunga vibanda sokoni hapa Gisenyi, poleni na biashara. Na ndugu zetu wa Goma, karibuni kama kawaida. Mpaka haujawahi kuzuia sauti. Vuteni viti, tuzungumze kwa dakika chache.

Leo tunazungumza juu ya nyuzi. Nyuzi za muziki: za gitaa, za inanga. Nataka tuulizane swali moja: ni nani hapa kwetu anayejua kuzikaza na kuzilegeza mpaka zipatane? Na je, huyo akiondoka, nani atabaki anajua?

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka tuagane. Ala ya muziki haiokolewi na kabati la makumbusho. Haiokolewi na kanda peke yake. Inaokolewa siku ile mzee anapomketisha mtoto kando yake na kumwonyesha jinsi ya kulinganisha nyuzi. Hilo ndilo neno. Sasa nifuateni.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Msimu wa mvua uliopita nilipanda Cyanzarwe kumjulia hali mzee mmoja niliyeambiwa kwamba zamani alikuwa akipiga inanga kwenye harusi. Nilimkuta barazani. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, mawe meusi ya ua yalikuwa bado yanang'aa kwa maji, na kule juu mawingu yalikuwa yanauachia mlima Nyiragongo kidogo kidogo. Inanga ilikuwa imelazwa juu ya mkeka bila uzi. Kando yake palikuwa na kifungu cha uzi mpya wa nailoni, ule ule wanaoutumia wavuvi wa Ziwa Kivu.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona kwa karibu, inanga ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kama sinia refu lenye kina kidogo. Kila mwisho una meno. Na uzi wake, sikilizeni vizuri hapa, ni mmoja tu mrefu. Unapita kwenye jino la huku, unavuka hadi jino la kule, unarudi, unavuka tena, mpaka zinapatikana nyuzi nane hivi zilizolala sambamba. Zamani uzi huo ulitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni au waya.

Sasa, mzee yule viungo vya vidole vyake vimekaza. Hawezi tena kuuvuta uzi kwa nguvu. Akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka kumi au kumi na miwili, akamkalisha mbele yake. Mtoto akavuta, mzee akafumba macho. "Ongeza. Ongeza tena. Basi." Mtoto akaudonoa uzi kwa kidole, ukalia. Mzee akaimba sauti ile ile kwa mdomo uliofungwa, kisha akatikisa kichwa: "Legeza kidogo. Huyu amemwacha mwenzake nyuma." Mtoto akalegeza. Uzi wa pili ukaharibika, maana uzi ni mmoja. Ukilegeza hapa, ulegevu unahamia kwa jirani. Wakaanza upya.

Walikaa hivyo karibu saa nzima, na wimbo ulikuwa haujaanza. Nikamwuliza mzee kwa heshima kama hawezi kumfundisha mtoto wimbo kwanza, apate hamu, haya ya nyuzi yakaja baadaye. Akanijibu bila kufumbua macho: "Asiyejua kulinganisha nyuzi ameazima inanga. Bado haijawa yake."

Wasikilizaji, nilishuka mlima ule na maneno hayo. Mkono ulikuwa wa mtoto, sikio lilikuwa la mzee. Na inanga ikapata sauti yake kwa sababu viwili hivyo vilikaa kwenye mkeka mmoja.

Basi nikakumbuka habari za watu wa mbali sana, wa visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kwa nini niwalete Wahawaii hapa kwetu Rubavu? Kwa sababu yaliyowapata yanafanana na yanayotupata sisi. Na kwa sababu nyingine ambayo wafugaji wa hapa wataipenda: hadithi yao inaanza na ng'ombe.

Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, George Vancouver, alimpelekea mfalme Kamehameha ng'ombe kama zawadi. Mfalme akapiga marufuku kuwachinja kwa miaka kumi, wazaane. Wakazaana kweli! Wakaenea milimani, wakawa wa mwituni, wakaharibu mashamba ya watu. Ilipofika miaka ya 1830, mfalme Kamehameha wa Tatu akawaita wachunga ng'ombe hodari kutoka California, ambayo wakati ule ilikuwa ya Meksiko, waje wawafundishe watu wake. Wachungaji wale walikuja na farasi zao, na walikuja na magitaa. Jioni, baada ya kazi, walikaa kwenye moto wakipiga.

Wahawaii wakayapenda magitaa yale. Lakini hawakuyapiga kama walivyoonyeshwa. Walizilegeza nyuzi. Wakazigeuza ziendane na sauti zao na nyimbo zao, hata ukipitisha mkono juu ya nyuzi bila kubonyeza popote, zinalia kwa upatano. Kidole gumba kinabaki kwenye nyuzi nene kikitembea kama mapigo ya moyo, vidole vingine vinachezea wimbo kwa juu. Mtindo huo wanauita kwa lugha yao kī hōʻalu, maana yake ni kulegeza nyuzi.

Ninyi vijana mnaopiga gitaa, jaribuni leo usiku. Shusheni kidogo uzi wa kwanza, wa tano na wa sita. Nyuzi ya pili, ya tatu na ya nne ziacheni kama zilivyo. Mtapata mpangilio wanaoupenda kuliko yote. Na mnajua wanauitaje? Wanauita shamba la magimbi. Magimbi haya haya tunayochemsha hapa nyumbani! Jina lenyewe limetoka shambani.

Sasa njooni kwenye sehemu inayouma. Mipangilio ile ya nyuzi ilikuwa siri ya ukoo. Kila familia ilikuwa na yake. Inasimuliwa kwamba mpigaji akimaliza wimbo, kabla hajaliweka gitaa chini, alivuruga nyuzi zote makusudi, ili mgeni akilichukua asijue zilikuwa zimelinganishwa vipi. Wengine waliwapa watu mgongo wakipiga, vidole visionekane.

Je, tuwalaumu? Mimi siwalaumu hata kidogo. Mwaka 1893 ufalme wao ulipinduliwa. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Ardhi imekwenda, kiti cha enzi kimekwenda, lugha inakwenda. Mtu aliyenyang'anywa vyote hivyo, kile kidogo kilichobaki ndani atakifungia kwa makufuli mawili.

Lakini siri inayofungwa sana hufa na mwenye ufunguo. Mzee mmoja anazikwa, mpangilio mmoja unazikwa. Mwingine anazikwa, mwingine unazikwa. Vijana wa mjini Honolulu wakawa wanapiga muziki wa redio za Marekani, na muziki wa babu zao wakauona ni kitu cha kijijini.

Ni nani aliyeugeuza mkondo? Ni wazee wenyewe, wasikilizaji. Wazee waliofungua.

Alikuwepo Gabby Pahinui. Katika miaka ya 1940 alikuwa wa kwanza kuurekodi mtindo huu kwenye sahani ya santuri. Msidhani alikuwa tajiri. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya vibarua wa barabara wa jiji. Lakini mwisho wa wiki uwanja wa nyumba yake huko Waimānalo ulijaa watu na magitaa. Aliyetaka kujifunza alikuja, akakaa, akasikiliza. Alikuwepo Raymond Kāne, mpigaji aliyekubali kumfundisha yeyote aliyebisha hodi, hata asiye wa ukoo wake. Mwaka 1973 kijana Keola Beamer akaandika kitabu cha kufundishia, na yale yaliyokuwa yakinong'onwa chumbani yakasomwa hadharani. Miaka hiyo hiyo ya 1970 Wahawaii waliinuka kuidai lugha yao na ngoma zao, na mwaka 1978 lugha yao ikarudishwa katika katiba kuwa lugha rasmi. Kāne akapewa heshima ya kitaifa ya Marekani mwaka 1987. Na mwaka 2005, tuzo ya Grammy ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa muziki wa Hawaii, ilikwenda kwa albamu ya magitaa haya ya nyuzi zilizolegezwa.

Nirudie ili tusiachane njiani. Muziki ule ulikaribia kufa kwa sababu ya siri. Ukapona kwa sababu ya wazee waliofungua. Tuzo zilikuja baadaye sana. Kwanza palikuwa na uwanja wa nyumba, mzee, na kijana aliyekaa kando yake.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi tuna inanga. Na inanga, kama gitaa la Wahawaii, ni rafiki wa ng'ombe: uzi wake ulitoka kwenye mwili wa ng'ombe, na nyimbo zake nyingi zinasifu ng'ombe, mashujaa na mambo ya kale. Tena si mali ya Rwanda pekee. Warundi wanayo. Majirani zetu Washi wa Kivu wanayo, na wanaiita lulanga. Wakiga na Wanyankole wa Uganda wanaiita enanga. Wahaya wa Bukoba nao ni enanga, na kwao imebeba tendi ndefu za mashujaa, zile alizozikusanya na kuzichambua Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo mnaponisikia nikisema inanga, oneni ukoo mzima uliozunguka maziwa yetu.

Hapa Rwanda majina makubwa yapo. Mzee Bernard Rujindiri, aliyepiga katika zama za mfalme Mutara Rudahigwa, hadi leo anatajwa na wapigaji kama mwalimu wa walimu. Mzee Athanase Sentore aliishi miaka mingi ukimbizini Burundi, inanga yake ikiwa naye, akairudisha nyumbani. Aliaga dunia mwaka 2012, lakini mwanawe Masamba Intore na mjukuu wake Jules Sentore ni waimbaji tunaowasikia kwenye redio kila wiki. Huyo ni mzee aliyefungua mlango.

Na kuna habari za mzee Thomas Kirusu. Huyu nataka nimkalie kidogo. Wakati wengi walisema inanga ni kazi ya wanaume, yeye alimfundisha binti yake, Sophie Nzayisenga, tangu akiwa mtoto mdogo. Angeweza kusema, nitasubiri mtoto wa kiume. Hakusubiri. Leo Sophie ni miongoni mwa wapigaji wakubwa wa inanga nchini, na ameipiga ugenini pamoja na wanamuziki wa nchi za bonde la mto Nile. Hebu tujiulize: mzee yule angeshika desturi kwa nguvu, ujuzi wake wote ungekuwa wapi sasa?

Wengine hawakupata nafasi ya kufungua. Nalisema hili kwa moyo mzito. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tulipoteza watu na tulipoteza nyimbo zilizokuwa ndani yao. Cyprien Rugamba, mshairi na mkuu wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe na watoto wao kadhaa. André Sebanani, sauti ya Orchestre Impala, aliuawa. Nyimbo walizorekodi tunazo, na tunazipiga, na tunalia. Lakini yale ambayo wangemfundisha kijana fulani barazani mwaka 1995, mwaka 2005, hayo hatunayo. Ndiyo maana kwetu sisi jambo hili haliwezi kuwa la burudani tu. Sisi tunajua kwa uchungu kwamba mzee hana ahadi ya kesho.

Msikilizaji mmoja ataniuliza: "Lakini si kuna rekodi? Kila kitu kiko kwenye simu siku hizi."

Ni swali zuri. Rekodi ni baraka, nami sizidharau. Mimi mwenyewe ni mtu wa redio. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alipita nchi zetu na mashine yake ya kunasa sauti. Alirekodi wanamuziki wa mwami, yaani mfalme, hapa Rwanda. Mwaka ule ule, huko Katanga, katika mji wa Jadotville, leo Likasi, alimrekodi kijana aliyekuwa akipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Kijana yule ni Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili. Wazee wa Goma mnaonisikia, najua mkilisikia jina la wimbo wake "Masanga" vidole vinaanza kucheza vyenyewe!

Sahani za Bosco zilifika Nairobi, zikafika Ulaya. Wapigaji wengi walizisikiliza mpaka zikachakaa, wakijaribu kuiga. Na bado, mwishoni mwa miaka ya 1970, mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alifunga safari hadi Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba, kwenda kukaa na Bosco mwenyewe ajifunze. Kwa nini, wakati sahani anazo? Kwa sababu sahani inakuambia sauti ilikuwaje. Haikuambii kidole kilikuwa wapi. Haikuambii "legeza kidogo, huyu amemwacha mwenzake nyuma." Hilo linasemwa na mtu, mbele ya mtu. Bosco alifariki mwaka 1990. Aliyekaa naye alipata. Aliyengoja alibaki na sahani.

Basi, nini kifanyike? Nina mambo matatu, na yote yanaweza kuanza wiki hii.

La kwanza ni kwa vijana. Mkienda kwa mzee, msikimbilie wimbo. Mwombeni awafundishe kwanza kulinganisha nyuzi. Mwaka 2014 hapa jirani, Nyundo, ilianzishwa shule ya muziki chini ya mwanamuziki Jacques Murigande, tunayemfahamu kama Mighty Popo. Baadaye ilihamia Muhanga, na vijana waliopita pale wamebadilisha muziki wa nchi hii. Tunajivunia. Lakini shule haiwezi kufika kila baraza la Cyanzarwe. Wewe unaweza. Beba simu yako, rekodi sauti, rekodi na vidole. Kisha iweke simu mfukoni ushike uzi mwenyewe.

La pili ni kwenu wazee wetu. Naongea kwa adabu, kama mtoto wenu. Najua mlichokibeba ni urithi, na si kila anayebisha hodi ana nia njema. Chagueni mtu mnayemwamini. Lakini chagueni. Kama mwana wa kiume yuko mbali, binti yupo. Kama binti hataki, mjukuu yupo. Kama mjukuu hana sikio, mtoto wa jirani huenda analo. Kirusu hakusubiri, nanyi msisubiri.

La tatu ni kwetu sote tunaofanya harusi na sherehe. Mzee wa inanga akija, mlipeni. Mlipeni kama mnavyomlipa mpiga picha na mwenye spika. Mara nyingi nimeona mzee anapiga kwa saa mbili, kisha anapewa soda na pongezi. Hapana, ndugu zangu. Ujuzi wa ukoo ni chakula cha ukoo. Tukitaka mzee afungue mkono, basi mkono wetu nao ufunguke. Na kijana akiona kwamba inanga inalipa ada ya shule, hutahitaji kumbembeleza ajifunze.

Nirudie, ndipo niwaage. Vijana, jifunzeni nyuzi kabla ya wimbo. Wazee, chagueni wa kumwachia. Sote, tulipe.

Na yule mtoto wa Cyanzarwe? Kabla sijaondoka siku ile, uzi wa nane ulikuwa umekaa. Mzee alipitisha mkono juu ya nyuzi zote, polepole, akasikiliza mpaka sauti ilipoisha. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alizilegeza nyuzi mbili, akaisukuma inanga kwa mjukuu wake, akamwambia: "Haya. Sasa mimi nanyamaza. Tafuta mwenyewe."

Mtoto akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia mti, akaanza kuvuta. Nilipofika chini kwenye njia nilikuwa bado nasikia uzi ule ukipanda, ukishuka, ukipanda tena. Naamini aliupata.

Kama kuna mzee mwenye inanga au gitaa la zamani karibu nawe, kesho mpitie umsalimie. Tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu. Lala salama Rubavu, lala salama Goma.